Fairey Primer: ndege ya mafunzo iliyoishia mbili

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninasoma ufundi wa ndege, nakaa Magongo, Mombasa, karibu na uwanja wa ndege wa Moi. Nimekutana na picha ya ndege ya mafunzo ya viti viwili, Fairey Primer ya 1948, na chini yake imeandikwa kwamba zilijengwa mbili tu. Ilikuwa na kasoro gani? Nauliza kwa sababu mimi na wenzangu wawili tunachora ndege ya mafunzo ya viti viwili, injini nyuma ya rubani, ya kutumika huku kwetu pwani, na hatutaki iishie kwenye karatasi. Halafu, tuweke gurudumu la mkia au la pua?"

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza matatu kwa mpigo na uzito wake haulingani. La gurudumu nitalimaliza mwisho, halina maneno mengi.

Kasoro iliyoiua Primer usiitafute kwenye mabawa wala mkiani. Itafute kwenye kalenda. Ilifika wakati mwenzake ameshakalia kiti.

Asili yake ni Ubelgiji. Kampuni ya Fairey ya Uingereza ilikuwa na tawi Gosselies, na huko mhandisi Ernest Oscar Tips alikuwa akibuni ndege ndogo zilizoitwa Tipsy kwa jina lake. Mojawapo, Tipsy M, ilikuwa ya mafunzo: bawa chini ya kiwiliwili, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, magurudumu yasiyokunjwa. Vita vya Pili vikaingia, mradi ukalala. Vilipokwisha, Fairey wakaufufua Uingereza, na 1948 ndege ikaruka kwa jina jipya la Primer. Ilikuwa na nafasi ya injini za namna mbili: Gipsy Major ya nguvu za farasi 145, au Cirrus Major ya 155. Hilo la injini likumbuke, nitalirudia.

Jina la Fairey, kwa taarifa yako, si geni Mombasa. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), meli za kivita za Waingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini, na manowari zao za kubeba ndege zilikuwa na Swordfish na Albacore, zote kazi ya Fairey. Nalitaja hili si kwa kujifaharisha na historia ya mji. Nataka uone kampuni hii ilikuwa ya nani: ilikuwa fundi wa jeshi la majini. Mwaka huo huo wa 1948 wahandisi wake walikuwa wameshughulika na Firefly, ndege ya kivita ya majini, na meza ya pili kulikuwa na Gannet, ndege ya kuwinda nyambizi iliyoruka mara ya kwanza Septemba 1949. Ndege ya mafunzo yenye injini ya farasi 145, katika nyumba kama hiyo, ni mtoto wa kambo. Hapati mhandisi bora, hapati nafasi ya karakana, na siku mambo yakibana ndiye wa kwanza kuambiwa asubiri.

Sasa mpinzani. Jeshi la anga la Uingereza lilitaka ndege ya kuchukua nafasi ya Tiger Moth, ile ya mabawa mawili mawili iliyofundisha marubani wengi wa vita. Aliyejenga Tiger Moth ni de Havilland. Na de Havilland walikuwa na tawi Kanada, ambako mhandisi Mpoland, Wsiewołod Jakimiuk, alikuwa amebuni ndege iitwayo Chipmunk. Hiyo iliruka mara ya kwanza 22 Mei 1946 karibu na Toronto. Angalia tarehe hizo mbili, 1946 na 1948. Jeshi lilipoanza kuandika masharti yake, Chipmunk ilikuwa tayari na kiwanda na wateja, na kasoro zake za utotoni zimeshaanza kurekebishwa. Primer ilikuwa ndege ya mfano.

Kuna watu hudhani ndege mbili zikishindanishwa, marubani wa majaribio huzirusha zote, kisha wanachagua inayoruka vizuri zaidi. Kwa ndege ya mafunzo mambo hayaendi hivyo. Ndege mbili za ukubwa mmoja, injini za nguvu zinazokaribiana, kazi moja: tofauti zao angani huwa ndogo, na rubani mzoefu atakuambia zote zinafaa. Kinachobaki ni maswali ya karani. Utaniletea ngapi kwa mwezi? Spea zake ziko wapi? Mafundi wangu wanaijua injini hii? Hapo Chipmunk haikuwa na mshindani. Injini yake ilikuwa Gipsy Major, ukoo ule ule wa injini ya Tiger Moth, ambayo fundi wa jeshi angeweza kuifungua gizani. Na Gipsy Major inatengenezwa na nani? Na de Havilland wenyewe. Kwa hiyo Fairey, kwa injini ile ya farasi 145, wangenunua injini kutoka kwa mshindani wao, kwa bei ya mshindani, ili washindane naye. Hesabu hiyo haihitaji digrii. Injini ya Cirrus ingewatoa kwenye mtego huo, lakini ingewaingiza kwenye mwingine: jeshi lingelazimika kuweka akiba ya spea za ukoo mpya.

Chipmunk ikashinda. Mapema 1950 ikaanza kazi katika jeshi la anga la Uingereza, na hatimaye Uingereza peke yake ikajenga 1,000, ukiacha za Kanada na za Ureno. Sisi pia zilitufikia: Jeshi la Anga la Kenya lilipoundwa Juni 1964, Chipmunk ndiyo iliyokuwa darasa la kwanza la marubani wake, pale Eastleigh, Nairobi. Kama mambo yangegeuka 1948, huenda darasa hilo lingekuwa la Primer na leo ungekuwa unaniuliza kuhusu Chipmunk.

Hapo nimejibu la kwanza. Lakini nisingependa uondoke ukidhani yote ni bahati na tarehe, kwa sababu nyinyi mnachora, na kuna njia nyingine za ndege kufa ambazo mchoraji anaweza kuzizuia.

Umesema injini nyuma. Kampuni ya Cessna ya Marekani walilijaribu jambo hilo kabla yenu, tena kwa pesa. Tarehe 22 Januari 1971 walirusha ndege ya majaribio iitwayo XMC: viti viwili, injini ile ile ya O-200 ya Cessna 150, ndege yao ndogo ya mafunzo, ila imefungwa nyuma ya viti na kusukuma badala ya kuvuta, na mkia umeshikiliwa na mihimili miwili. Faida yake mtu huiona kabla hata hajapanda: mbele ni kioo kitupu, mwanafunzi anaona ardhi yote. Baadaye wakaizungushia propela pete ili kupunguza kelele. Mradi haukupita 1972. Haikuwa imeanguka. Ni kwamba ukiiweka kando ya Cessna 150, ambayo walikuwa wakiiuza kwa maelfu, haikuipita kwa kiasi cha kustahili kiwanda kipya. Hapo adui wa ndege mpya alikuwa kaka yake mwenyewe.

Kwa mazingira yetu naongeza mawili. Injini ya nyuma hupozwa kwa shida ndege ikiwa chini, kwa sababu hakuna upepo wa propela unaopuliziwa kwenye silinda; na huku kwetu Februari, ndege ya shule inaweza kukaa kwenye foleni ya kuruka dakika nyingi juani. Pili, magurudumu hurusha mawe nyuma, na nyuma ndiko iliko propela yenu. Kwenye lami ya Port Reitz, yaani uwanja wa Moi, hamtaona tatizo. Kwenye viwanja vya murram, propela itakula changarawe kila siku, na propela si bei ya mchezo. Sisemi msifanye. Nasema kama sababu yenu pekee ni kwamba inapendeza kwenye mchoro, ifuteni.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui, na ndilo ningependa ulichukue kutoka kwangu hata ukiyaacha mengine, ni hili: ndege ya mfano na ndege inayotoka kiwandani ni vitu viwili. Mfano hujengwa kwa mikono, na mafundi wazuri kuliko wote, kila kipande kikipigwa msasa hadi kikae. Kiwandani mtu wa hesabu anaingia. Anauliza bawa hili lina mbavu ngapi, na je, tukipunguza? Kampuni ya Piper ya Marekani walipotengeneza Tomahawk, ndege ya mafunzo iliyoingia sokoni 1978, walianza vizuri mno: waliwauliza walimu wa urubani wanataka nini, na walimu wakasema wanataka ndege inayofundisha ukweli, ambayo bawa likiacha kunyanyua, mwanafunzi anahisi. Ndege ikapatikana, ikauzwa kwa maelfu. Kisha yakazuka malalamiko kuhusu ajali za kuzunguka huku ndege ikishuka. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za uchukuzi, mwaka 1997, ilieleza kwamba mabawa ya ndege za kiwandani yalikuwa na mbavu chache kuliko ya zile zilizofanyiwa majaribio ya kupata cheti. Ngozi ya bawa ikikosa mbavu za kutosha inaweza kujikunja kidogo, na umbo likibadilika, tabia ya bawa pale linapoacha kunyanyua inabadilika nalo. Ubishi juu ya ndege hiyo haujakwisha, wapo wanaoipenda na kuitetea. Mimi nachukua somo la fundi tu: kilichojaribiwa ndicho kijengwe.

Na majaribio yenyewe si ya kurusha mara moja na kupigiana makofi. Ndege ya mafunzo ya kiwango kinachoruhusu mazoezi makali kidogo hutakiwa kuvumilia mzigo wa mara 4.4 ya uzito wake, na juu ya hapo nusu nyingine ya akiba kabla ya kuvunjika, yaani 6.6. Chukua Cessna 152, mrithi wa ile 150, yenye uzito wa juu wa kilo 757. Zidisha. Mabawa yake yanatakiwa kuhimili karibu tani tano. Hamuwezi kulijibu hilo kwa mchoro wala kwa programu ya kompyuta peke yake. Mtalazimika kujenga bawa zima, kulifunga kwenye fremu kichwa chini, na kulipakia mifuko ya mchanga hadi kikomo. Bawa hilo halitaruka kamwe. Wekeni bei yake kwenye bajeti leo, kwa sababu miradi mingi hufa siku inapogundulika kwamba lazima ujenge kitu kizuri kwa ajili ya kukivunja.

Kuna iliyokufa ikafufuka, na hiyo nayo inatuhusu. Kampuni ya Beagle, Shoreham, ilikuwa ikijenga ndege ndogo nzuri sana iitwayo Pup. Walioirusha waliisifu. Tatizo ni kwamba kila Pup iliyotoka kiwandani iliuzwa kwa bei iliyo chini ya gharama ya kuijenga, kwa hiyo kadiri ilivyopendwa ndivyo kampuni ilivyozama. Kutokana na Pup wakabuni ya mafunzo ya kijeshi, viti viwili ubavu kwa ubavu, injini ya farasi 200, wakaiita Bulldog. Iliruka 19 Mei 1969. Desemba mwaka huo serikali ya Uingereza ikakataa kumimina fedha zaidi, Beagle ikawekwa chini ya mfilisi, na Bulldog ikabaki ya mfano. Kwa kila kipimo ilikuwa njia moja na Primer. Kilichoiokoa ni karatasi: Wasweden walikuwa tayari wanazitaka. Scottish Aviation wa Prestwick wakachukua mradi kwa sababu mteja yupo, si kwa sababu ndege inapendeza, na kuanzia 1971 zikaanza kutoka. Jeshi la anga la Uingereza likachukua 130. Kenya nayo ikanunua, miaka ya sabini hiyo hiyo.

Linganisha basi. Primer na Bulldog zote mbili zilikuwa ndege za mfano zisizo na kiwanda. Moja ilikuwa na kampuni kubwa tajiri nyuma yake, haina mteja. Nyingine kampuni yake imefilisika, lakini mteja yupo. Iliyoishi ni ya pili. Kwa hiyo swali la kwanza kwenu si bawa liwe juu au chini. Nani atanunua ya kumi? Ya kwanza mtainunua nyinyi kwa mapenzi, ya pili mjomba wa mmoja wenu. Ya kumi ni ya shule ya urubani, na mwenye shule ataiweka kando ya Cessna 152 ya miaka arobaini aliyoipata kwa bei nafuu, ambayo kila fundi wa uwanja wa Wilson, Nairobi, anaijua na spea zake zinapatikana. Ndiye mpinzani wenu. Hayumo kwenye picha za ndege mpya; amejificha kwenye matangazo ya ndege zilizokwisha tumika.

Mnaweza kumshinda wapi? Kwenye mafuta, nafikiri. Injini za kisasa za farasi 100 zinazokubali petroli ya magari zinamwepusha mwenye shule na petroli ya ndege, ambayo ni ghali na haipatikani kila kiwanja. Leseni ya kwanza kwa kiwango cha kimataifa inahitaji saa 40 angani, na kwa kawaida mwanafunzi huzidisha. Mkipunguza hata lita chache kwa kila saa, mwenye shule atawasikiliza. Mnaweza pia kumshinda kwenye kutu. Hewa yetu ina chumvi, na ndege za alumini zilizozeeka zikikaa pwani huanza kuoza kwenye viungo ambako jicho halifiki. Mkichora milango ya ukaguzi mikubwa, inayofunguka bila kuvunja kitu, na matundu ya kutoa maji yaliyo mahali sahihi, mtakuwa mmefanya jambo ambalo wachoraji wa nchi kavu hawalifikirii.

Ila msiichore ya pwani tu. Hapo ndipo naona mnajifungia mlango. Shule nyingi ziko Wilson, na Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Injini isiyo na pampu ya kusukuma hewa hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita mia tatu za kupanda. Farasi 100 wa Port Reitz wanafika Nairobi wakiwa 83 au 84, jua la mchana halijaingia bado. Ndege inayoruka kwa raha Ukunda inaweza kukosa pumzi huko, mbele ya mnunuzi.

Na uzito, jamani, uzito. Rudi kwa ile 152: kilo 757 kwa jumla. Za shule, zikiwa na redio na vifaa vyake, tupu hukaribia 520. Zinabaki 237. Tangi likijaa linakula kama 71. Zinabaki 166 za watu wawili na mabegi yao, yaani kila mtu 83 na begi abaki nyumbani. Mwalimu wa urubani wa kilo 95 mnamjua nyote. Mkiweza kuwapa kilo 30 zaidi ya hapo bila kuongeza injini, mmepata mteja. Mkishindwa, msimpunguzie tangi na kuita suluhisho. Mwenye shule atalijua ndani ya wiki moja.

Kuhusu makaratasi: nendeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga mapema, mchoro ukiwa bado penseli. Kuna njia ya ndege ya kujijengea na kuirusha mwenyewe kwa majaribio, na kuna njia ya cheti cha aina, inayoruhusu kuuza na kufundishia kwa malipo. Ni njia mbili zenye gharama tofauti kabisa, na ndege iliyojengwa kwa kufuata ya kwanza haigeuki kuwa ya pili kwa kuongezewa barua. Ushauri wangu: anzeni na ya kwanza, kwa ndege moja, lakini wekeni kumbukumbu za kila kipande na kila kipimo kana kwamba mnafuata ya pili.

Gurudumu: wekeni la pua. Ndege ya gurudumu la mkia ina uzito wake nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo ikiyumba wakati wa kutua, mkia unataka kupita mbele, na mwanafunzi huwa amechelewa kuuzuia. Port Reitz njia kuu ya kurukia, iitwayo 03/21, inakaribiana na mwelekeo wa kaskazi na kusi, hivyo upepo wa ubavu hautawasumbua sana pale na mnaweza kujidanganya kwamba haupo. Viwanja vidogo havikujengwa kwa kuuliza pepo. Cessna wenyewe waliacha mkia kwenye 140 wakaja na pua kwenye 150. Primer na Chipmunk zilikuwa za mkia kwa sababu ndege nyingi za kivita za wakati ule zilikuwa hivyo, na mwanafunzi alitayarishwa kwa alichokuwa akiendea.

Kwenu kuna sababu ya ziada. Propela ikiwa nyuma, ndege ikiinua pua kuruka, propela inashuka karibu na ardhi. Mtahitaji miguu mirefu ya magurudumu, na miguu mirefu ina kilo zake. Ziandikeni kwenye hesabu ya zile 166 kabla hamjaamua kama injini inabaki nyuma.